Safari Zisizo na Mkate

Lokitaung, Turkana
4 Machi 2024

Kwa mdogo wangu Ikhlas,

Assalamu alaikum. Mimi niko salama, jua tu ndilo linanichoma kama kawaida yake, na nikisikia kwamba wewe pia uko salama nitalala vizuri. Nisalimie mama Apeduno wa kioski, nisalimie majirani, na walioko hapo nyumbani.

Huku tunachimba kisima cha tatu tangu Desemba. Tuko watu saba, na jioni kila mtu ana kona yake. Mimi ndiye fundi wa mtambo, kwa hiyo wenzangu wakishaondoka nabaki na mtambo. Singesema nina upweke, maana hata wa kumwambia hayupo.

Sasa gari. Hiace yetu imezeeka, na mzee hangojwi aanguke ndipo apelekwe kwa daktari. Mita ya kilomita ilishakufa, kwa hiyo fuata desturi ya nyumbani. Kila siku ukimaliza kusambaza mkate na kreti zikawa tupu, chora mstari mmoja wa chaki ndani ya mlango wa nyuma. Ikifika mistari themanini, mwaga oili, weka mpya, badilisha filta, futa mlango uanze upya. Kila Ijumaa toa maji yaliyokaa chini ya filta ya dizeli. Usinunue dizeli ya mitungi kutoka kwa malori yaliyo kwenye foleni, hata kama dereva anakuita dada mara kumi. Ile imechanganywa, na pampu ikishaionja umekwisha.

Maji ya rejeta ni kila asubuhi, kabla ya kuwasha, injini ikiwa baridi. Hili sirudii.

Halafu kuna mkanda wa taimingi. Niliufunga mwenyewe kabla sijaondoka, na kwa hesabu yangu ya mistari una uhai mpaka Novemba. Ule haulii wala hautoi dalili. Ukikatika, injini inakufa hapo hapo barabarani na aliyemo ndani ndiye wa kuhurumiwa.

Namba ya simu usiniulize tena. Barua inatosha. Mpe dereva wa basi la Lodwar aiache kwenye duka la vipuri la Ikapel, yule Mteso wa kwetu, nami nitaipata siku tutakayoteremka kuchukua dizeli.

Ni mimi kaka yako,
Muzafaru


Malaba
6 Aprili 2024

Kaka Muza,

Waalaikum salaam. Barua yako ilinifikia Ramadhani imeshakaribia kumi la mwisho, nikaisoma na njaa yangu. Apeduno anakusalimu. Anasema uliondoka na sufuria yake. Mtoto wa jirani Nasambu amejiunga na sekondari. Foleni ya malori juzi ilifika mbali kupita stesheni, na mimi na kreti zangu nikapita kando ya barabara taratibu huku madereva wakiniita boss lady. Siku hizi wamenizoea. Mwanzoni walikuwa wanateremka kabisa kuja kuona mwanamke akirudisha Hiace nyuma.

Nyumbani wote wapo.

Gari nalitunza. Maji nakagua, oili nimebadilisha mwezi uliopita, mistari ilipofika themanini kama ulivyosema. Dizeli ya mitungi sinunui. Niliwahi kununua mara moja zamani, usinigombeze, nilijuta.

Nina swali. Gari linarusha sana. Nikifika matuta ya Adungosi hata mgongo wangu unauma. Kuna namna ya kulituliza? Na kile kiti cha mbele cha abiria, kinaweza kulazwa nyuma kidogo? Kimesimama wima mno. Naomba unijibu hili mapema kama unaweza.

Ninapoandika hivi Malaba kumenyamaza, watu wako futari. Nimekula peke yangu leo. Wengine hawafungi mwaka huu.

Dada yako,
Ikhlas


Lokitaung
25 Mei 2024

Ikhlas,

Salaam nyingi baada ya Idd. Mimi nilisali peke yangu nyuma ya mtambo, halafu wenzangu wakanipa soda. Sufuria ya Apeduno ninayo, mwambie inafanya kazi nzuri kuliko ilivyofanya kwake.

Ulisema nikujibu mapema, na barua ilikaa kwa Ikapel wiki tatu. Samahani.

Kuhusu kurusha. Kwanza punguza upepo wa matairi, mafundi wa barabarani wanajaza kama wanajaza puto. Pili mwambie fundi Mukhwana aangalie mipira ya springi na shoki za nyuma. Zile za mwisho ziliwekwa wakati wa marehemu Mama. Kiti nacho kina bolti nne. Legeza zile mbili za mbele, weka vipande vya chuma chini yake, kaza. Kitalala vizuri kabisa.

Lakini niambie, siku hizi mkate unakaa kiti cha mbele? Unaufunga mkanda pia? Nilicheka peke yangu mpaka mwenzangu akageuka kuniangalia.

Nifanyie jambo moja. Chukua kijiti cha kiberiti, kiingize kwenye mtaro wa tairi la mbele, weka alama ya ukucha, upime kwa rula. Fanya hivyo kwa matairi yote manne uniandikie. Tairi halijui kudanganya. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na gari ni hivyo hivyo.

Muzafaru


Malaba
30 Juni 2024

Kaka Muza,

Natumai joto limekuachia ngozi kidogo. Huku mvua imetunyeshea mpaka barabara ya Angurai imekuwa uji. Siku mbili mkate ulifika saa sita na watoto wameshaenda shule na njaa. Idd kubwa tulichinja kuku, mbuzi tumemwachia mwakani.

Mukhwana amefunga shoki. Kiti nimekilaza kwa vipande vya chuma ulivyosema na kimekuwa kizuri sana. Nashukuru kuliko unavyofikiri.

Vipimo vyako hivi hapa. Matairi ya mbele yamebaki milimita nne na nusu, ya nyuma milimita tano. Yalifungwa mapya mwezi wa kwanza, yakiwa na nane.

Halafu kuna mtu hapa anayejua magari. Anasema injini hii ikishatembea mwendo mrefu isizimwe mara moja, iachwe ipumue kama mtu aliyepanda mlima. Anasema pia moshi mweusi wa asubuhi ni nozeli za kupulizia dizeli zimechoka, na yeyote anayesema ni filta ya hewa hajui kazi. Nikamwambia wewe ndiye uliyesema ni filta ya hewa, barua ya mwaka jana. Baadaye akasema, "Muulize basi, alisikiza injini ikiwa baridi ama ikiwa moto?" Kwa hiyo nakuuliza.

Sina mengine. Nimechoka siku hizi. Nikirudi nalala na viatu.

Ikhlas


Lokitaung
18 Agosti 2024

Ikhlas,

Salaam. Sitaandika habari za huku kwa sababu leo nina hasira, na afadhali uijue mapema.

Nimekaa na vipimo vyako jioni tatu. Mkate ni siku sita kwa wiki. Tangu Januari mpaka mwisho wa Juni, hiyo ni mistari kama mia na hamsini. Tairi lile nalijua, nimelifunga maisha yangu yote. Kuisha vile linahitaji safari mia mbili. Safari hamsini zimekwenda wapi, Ikhlas?

Nimewaza mengi. Unatuliza gari, unalaza kiti, unataja injini iliyotembea mwendo mrefu. Na kuna mtu anayejua magari ambaye humtaji jina. Mimi nimekulia Malaba. Najua mtu anavyoanza na sukari magunia mawili kwa njia za panya, halafu siku moja anaambiwa abebe mzigo asioufungua. Kama huyo mtu ndiye anakupa kazi hizo, mwambie gari lina wenyewe.

Hata ukiniona mbaya, sikia hili moja. Kama safari ni nyingi hivyo, mkanda wa taimingi haungoji Novemba. Muda wake umefika sasa. Hata huo mstari wako wa chaki umeudanganya. Peleka gari kwa Mukhwana wiki hii, usibebe mtu yeyote kabla haujabadilishwa.

Na nozeli, nilisikiliza injini ikiwa baridi. Mwambie.

Muzafaru


Malaba
22 Septemba 2024

Kaka,

Sibebi magendo.

Mkanda nimebadilisha. Mukhwana alipoutoa ulikuwa umeshaanza kuachia meno, akauweka mezani tukauangalia sote. Kwa hilo nakushukuru, na hilo pekee.

Wewe uko huko miaka mitano. Mimi niko hapa. Ninaamka saa kumi, napakia mkate, nasambaza, narudi, na kazi haijaanza bado. Hujawahi kuniuliza nimekula nini. Unauliza oili. Kila barua unasema walioko nyumbani, walioko nyumbani, kana kwamba nyumba hii ina watu ishirini ambao huwezi kumaliza majina yao. Nyumba hii ina watu wawili.

Sitaandika tena mpaka hasira iniishe.

Ikhlas


Lokitaung
9 Novemba 2024

Mdogo wangu Ikhlas,

Barua yako niliipata wiki mbili zilizopita. Tulikuwa mbali sana, upande wa Kibish, hata maji ya kunywa tuliletewa. Nilidhani hujaandika kwa sababu umekasirika, kumbe uliandika na umekasirika. Nisamehe. Neno la magendo nalirudisha, na kwa umri wangu huu naona aibu.

Umekula nini?

Nimesoma barua yako mpaka ikakatika kwenye mkunjo. Ndipo nikakumbuka desturi ambayo nilikuwa nimeisahau. Kwetu kuna safari ambazo hazichorwi. Mgonjwa akibebwa, maiti ikibebwa, chaki haiguswi. Mzee wetu alitufundisha kwamba ile ni sadaka, na anayehesabu sadaka ameipunguza. Mimi nilikaa na hesabu yangu nikitafuta safari hamsini kwenye mabonde ya wezi, na huenda zilikuwa hizi zisizochorwa.

Kwa hiyo wiki mbili hizi kichwa changu kinarudi asubuhi ile ya 2019. Ulikuwepo, sikuambii usilolijua. Naandika kwa sababu sijawahi kulisema. Mama aliposhikwa na presha nilimbeba, nikawasha gari, nikaondoka. Bonneti sikufungua. Tulipofika Adungosi sindano ya joto ilikuwa imeshalala juu, mvuke ukatoka, injini ikanyamaza. Tulikaa kando ya barabara dakika arobaini tukisimamisha watu, kichwa chake kiko kwenye paja lako. Daktari alisema tungefika nusu saa mapema ingekuwa habari nyingine.

Msibani, wanaume wote wakiwa kwenye mkeka, Mzee aliniuliza swali moja tu. "Maji ulikagua?" Tangu siku hiyo hatujaongea. Nilifungua injini, nikaitengeneza upya, nikafunga na ule mkanda. Arobaini ilipoisha nikapanda basi. Tangu hapo mtambo wowote niliopewa haujawahi kukauka maji, na hakuna anayejua kwa nini naamka saa tisa kuukagua.

Sasa nakuuliza nilichokuwa nikikikwepa. Ni nani anakaa kiti cha mbele?

Muzafaru


Malaba
4 Desemba 2024

Kaka Muza,

Assalamu alaikum. Leo nimekula viazi vitamu na chai. Umeniuliza, nimejibu.

Nimeandika barua hii mara nne. Mara tatu nimeichana, kwa sababu nilimwahidi mtu. Lakini umeshajua, na aliyejua haambiwi, anathibitishiwa tu.

Ni Baba. Figo zake zilikataa kazi mwezi wa kwanza. Kila Jumatatu na kila Alhamisi nampeleka Busia kusafishwa damu. Anakaa kwenye mashine saa nne, mimi nangoja kwenye benchi, halafu tunarudi akiwa mwepesi kama shuka. Kiti ulichokilaza ni chake. Shoki ni zake. Aliyekuwa anajua magari ni yeye. Na mistari yake sikuichora kwa sababu aliniangalia siku ya kwanza nikichukua chaki, akasema, "Wacha. Hiyo si ya mkate." Hivyo ndivyo mkanda ulivyotaka kutuua sisi wawili kwa ajili ya thawabu.

Alinikataza kukuambia. Alisema, "Asiitwe. Akitaka kuja atakuja na miguu yake." Mimi nilimwambia ana kichwa kigumu, akasema, "Na wewe chako ulikitoa wapi?"

Lakini barua zako namsomea. Tukishapita Adungosi anasema toa. Nasimamisha gari kando, nasoma yote, hata ile ya magendo. Hapo alicheka mpaka akakohoa, halafu akasema hesabu yako ya tairi ni sahihi. Ile ya Novemba nayo niliitoa. Nilipofika asubuhi ya 2019 niliacha kusoma, akaichukua akaisoma mwenyewe kwa miwani, akaikunja, akaweka mfukoni. Hajanirudishia.

Kuna jambo lingine, na hili ni langu. Tume ya walimu imenipa kazi. Miaka tisa nimeomba, Muza. Ni shule ya msingi Hola, Tana River. Natakiwa kuripoti tarehe 13 Januari, nisipofika nafasi inapewa mwingine. Nina miaka thelathini na sita. Barua ya kazi iko chini ya godoro na Baba hajui, maana akijua atanifukuza niende, halafu Alhamisi itafika na hakuna wa kuwasha gari. Mukhwana ana kazi zake. Kukodi dereva kwa mgonjwa ambaye siku nyingine anatapika njiani, nimejaribu, waliwahi kukubali mara moja moja.

Sikuiti. Niliahidi sitakuita. Nakuandikia tu ratiba ya gari kwa kuwa wewe ndiye unalijali: Jumatatu saa moja asubuhi, Alhamisi saa moja asubuhi, Malaba mpaka Busia, na kuanzia tarehe 12 Januari halina dereva.

Dada yako,
Ikhlas


Busia, wodi ya mashine
Alhamisi, 6 Februari 2025

Kwa Mwalimu Ikhlas, Hola,

Assalamu alaikum. Natumai wanafunzi wako wanakuheshimu kuliko madereva wa Malaba, na kwamba joto la huko umelizoea. Barua yako ya kwanza imefika, ile ya mbu. Apeduno anakusalimu, amepata sufuria yake na amekataa kuipokea kwa sababu imeungua. Mkate unaenda, wateja wanauliza boss lady yuko wapi. Nawaambia amepandishwa cheo.

Siku zile nne tulizokuwa pamoja zilikuwa fupi, na nusu yake tulikuwa chini ya gari. Ulipanda basi ukiniambia, "Ongeeni." Nimekuwa nikiogopa kukuandikia kwa sababu nilitaka niwe na la kukujibu.

Unakumbuka jinsi alivyonipokea. "Umekuja," akaingia ndani. Basi tuliendelea hapo hapo. Jumatatu twende, Alhamisi twende. Kilomita thelathini za kwenda na thelathini za kurudi, mimi nimeshika usukani, yeye amelala kwenye kiti chake, kimya. Pale Adungosi nilikuwa naangalia sindano ya joto mpaka macho yananiuma. Nikawaza, nimesafiri siku mbili kuja kunyamaziwa kwa karibu. Kule Lokitaung nilikuwa mpweke na sababu ninayo. Hapa nilikuwa nusu mita kutoka kwa baba yangu, nikaona upweke wa kule ulikuwa mdogo.

Jana jioni Apeduno aliniita kioskini. Akaniuliza, "Wewe Muza, mbona unamtesa mzee? Anasema kila siku anakuongelesha kwa gari na wewe unaangalia barabara tu. Ameniambia hivi, huyu kijana hanijibu, kwa barua alikuwa anaongea vizuri. Ati anauliza mbona barua siku hizi haziji."

Dada, kuna kitu sikukuandikia miaka yote hii. Sikio langu la kushoto limekufa. Ni kompresa ya mtambo, mwaka wa pili tu huko. La kulia nalo limebaki kidogo, ndiyo maana simu sikuitaka. Sikutaka mtu wa nyumbani ajue fundi wa injini hasikii injini. Hata ule moshi mweusi niliokuandikia kwa uhakika, niliubahatisha, na kusikiliza injini ikiwa baridi nilikuongopea. Na siku zile nne wewe ulidhani kila nikikuomba urudie ni kwa sababu ya kelele za malori. Kwenye gari letu abiria anakaa kushoto. Mzee sasa anaongea chini, pumzi yake ni ndogo. Mwezi mzima amekuwa akizungumza nami njia nzima, nami sikusikia hata neno.

Sikulala. Niliandika barua, kwa mkono, ukurasa mmoja. "Baba, shikamoo." Nikamweleza sikio. Nikamwambia nozeli ni yeye aliyesema kweli. Nikamwambia maji sikukagua. Asubuhi ya leo nikaiweka juu ya deshbodi mbele yake kabla sijawasha gari. Aliitazama, akaitia kwenye kanzu. Aliisoma huku, wameshamfunga mirija, mkono mmoja tu ukiwa huru. Kisha akamwomba nesi kalamu.

Imemchukua muda mrefu. Ameandika nyuma ya karatasi yangu, herufi kubwa zinazopanda na kushuka. Nakunakilia kama ilivyo, kwa sababu Mama alikuwa wako pia.

"Muzafaru. Asubuhi ile nilifungua bonneti mimi kabla ya sala. Maji yalikuwa nusu. Nikasema Muza ataongeza, nikafunga, nikaenda msikitini. Niliporudi mlikuwa mmeshatoka. Siku ya msiba niliogopa mtu asije akaniuliza mimi, nikawahi kukuuliza wewe. Barua zako zote zilikuwa zinanichoma. Nilimkataza dada yako kukuita kwa sababu hiyo, si kwa kiburi."

Amenipa karatasi, amefumba macho. Sijui kama amelala au amejifanya. Nimeisoma nikatoka nje, nikasimama karibu na gari letu, nikarudi. Nilitaka kukasirika, Ikhlas, na bado nitakasirika, miaka mitano si kidogo. Lakini mkono wake ulio huru uko juu ya shuka, umeachwa wazi, na una wino kwenye vidole.

Bado saa mbili mashine imalize. Nimehamishia kiti changu upande wa pili wa kitanda ili sikio langu linalosikia liwe upande wake. Nimeushika ule mkono. Akiamka ataanza yeye kusema, nami safari hii nitamjibu.

Kaka yako,
Muzafaru